Acha Nafasi Mbele Yako



Zamani pikipiki ilikuwa chombo cha watu wachache. Wazee wa vijiji vya wilaya ya Manyoni, ninakofanya kazi, husimulia kwamba katika miaka ya 1970 watoto waliposikia mlio wa pikipiki walitoka mbio kwenda kuitazama. Mwenye pikipiki alikuwa bwana shamba, au katibu tarafa, au padri. Leo mambo yamebadilika. Pikipiki hupeleka alizeti mashineni. Hupeleka mgonjwa zahanati. Hupeleka kuku mnadani. Mwaka 2010 Serikali ilitoa kanuni za pikipiki zinazobeba abiria kwa malipo, zile tunazoziita bodaboda. Jina hilo lilianzia Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako vijana walivusha watu kwa baiskeli kutoka upande huu wa mpaka hadi upande ule.

Habari za pikipiki ni nyingi. Katika somo hili tutazungumza jambo moja tu: kugonga gari lililo mbele yako, na kugongwa na gari lililo nyuma yako. Huenda wewe huna pikipiki wala hujui kuiendesha. Usifunge kitabu. Kama umewahi kupanda bodaboda, somo hili ni lako pia.

NENO "GHAFLA"

Muulize mtu yeyote aliyegonga gari kwa nyuma, "Ilikuwaje?" Atakujibu: "Gari la mbele lilisimama ghafla."

Mimi mwenyewe nimewahi kusema maneno hayo. Nilikuwa natoka darasani jioni, narudi nyumbani kwa pikipiki. Mbele yangu ilikuwapo pikapu iliyobeba matenga ya kuku. Niliifuata karibu sana, hata nikawa nawatazama wale kuku walivyobanana. Mbuzi akakatiza barabara. Pikapu ikasimama. Mimi sikusimama. Nilijikuta chini, kofia ngumu imepasuka ubavuni na mkono wa kulia umevunjika karibu na kiganja.

Mkono ulifungwa plasta kwa wiki 6. Katika wiki hizo sikuweza kuandika ubaoni. Bibi mmoja wa darasa letu, aliyejua kuandika jina lake mwaka uliotangulia tu, ndiye aliyeshika chaki badala yangu. Aliandika polepole kwa herufi kubwa, na darasa lote likasoma bila shida. Nadhani mwandiko wake ulisomeka kuliko wangu.

Lakini nataka nikueleze aliloniuliza askari wa usalama barabarani. Nilipomwambia kwamba pikapu ilisimama ghafla, hakubisha. Aliuliza swali moja: "Wewe ulikuwa hatua ngapi nyuma yake?"

Sikuwa na jibu. Nilijua walikuwapo kuku. Sikujua nilikuwa hatua ngapi.

Tangu siku ile nimelifikiria sana neno hili "ghafla". Mbuzi yule alikatiza kama mbuzi wote wanavyokatiza. Dereva wa pikapu alikanyaga breki kama dereva yeyote angefanya. Kwa mtu aliyekuwa hatua 30 nyuma, jambo lile lisingekuwa la ghafla hata kidogo. Angepunguza mwendo, angemtazama mbuzi akipita, kisha angeendelea na safari yake. Lilikuwa la ghafla kwangu kwa sababu nilikuwa hatua 4 au 5 tu.

HATUA 11 KABLA YA BREKI

Hebu tufanye hesabu pamoja. Chukua daftari lako.

Pikipiki inakwenda kilomita 40 kwa saa. Huo si mwendo mkali, na vijana wengi wataucheka. Kilomita 40 ni mita 40,000. Saa moja ina sekunde 3,600. Ukigawanya 40,000 kwa 3,600 unapata 11 na kidogo. Maana yake ni kwamba katika kila sekunde moja pikipiki hiyo inapita mita 11. Hatua moja ndefu ya mtu mzima ni karibu na mita moja. Basi sema hatua 11.

Sekunde ni nini? Ni muda wa kutamka "mia moja na moja" bila haraka na bila kuvuta. Tamka sasa. Hiyo ni sekunde moja.

Sasa fikiri. Jicho lako linaona taa nyekundu ya gari la mbele inawaka. Habari hiyo inakwenda kwenye ubongo. Ubongo unasema, "Funga breki!" Mkono na mguu vinaanza kufanya kazi. Kwa mtu aliye macho, asiyelewa wala asiyetazama simu, jambo hilo lote huchukua karibu sekunde moja, na mara nyingi huzidi. Katika sekunde hiyo breki haijafanya kitu. Pikipiki inakwenda vile vile, mwendo ule ule, hatua 11.

Baada ya hapo ndipo breki inaposhika. Barabara ikiwa kavu, yenye lami, breki zikiwa nzima na matairi yasiwe kipara, pikipiki ya kilomita 40 itahitaji kama mita 10 nyingine hadi isimame. Jumla ni mita 21. Mimi nilikuwa mita 5.

Tuongeze mwendo uwe kilomita 80. Wengi hufikiri kwamba mwendo ukizidi mara mbili, na njia ya kusimama itazidi mara mbili. Sivyo. Njia ya kabla ya breki huzidi mara mbili: kutoka mita 11 inakuwa mita 22. Lakini njia ya breki yenyewe huzidi mara nne: kutoka mita 10 inakuwa mita 40. Jumla ni mita 62. Pima mita 62 nje ya darasa lako, uone zinapofika. 

Kuna mwanakisomo aliyenipinga, na alinipinga vizuri. Alisema: "Mwalimu, gari la mbele nalo halisimami pale pale. Nalo linasogea linapofunga breki. Kwa hiyo sihitaji mita zote 21." Ni kweli. Kama gari la mbele limefunga breki kwa utaratibu, nalo linakupa njia kidogo. Lakini yako mambo matatu. Kwanza, wewe unaanza kufunga breki sekunde moja baada yake. Pili, pikapu ya magurudumu manne yenye breki nzima inaweza kusimama mapema kuliko pikipiki iliyobeba watu na gunia. Tatu, gari la mbele linaweza kusimamishwa na kitu kingine, si breki. Likigonga ng'ombe au lori jingine, halitasogea tena kukupisha.

NAMNA YA KUPIMA UKIWA NJIANI

Hakuna mtu anayeweza kushuka kwenye pikipiki apime hatua. Basi tutapima kwa kuhesabu.

Tazama alama iliyo mbele pembeni mwa barabara. Inaweza kuwa nguzo ya umeme, mbuyu, kibao cha shule au kivuli cha mti. Gari la mbele linapoipita alama hiyo, anza kusema: "Mia moja na moja, mia moja na mbili." Kama gurudumu lako limeifikia alama kabla hujamaliza kusema, uko karibu mno. Legeza mkono wa mafuta, rudi nyuma, kisha hesabu tena kwa alama nyingine.

Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba chenyewe hukua pamoja na mwendo. Kwa kilomita 40, sekunde mbili ni hatua 22. Kwa kilomita 60, sekunde mbili ni hatua 33. Huna haja ya kukumbuka hesabu hizo. Unahesabu mbili tu.

Mbili ni za dereva aliye peke yake, mchana, kwenye lami kavu. Ukiwa na abiria au mzigo, hesabu tatu. Mvua ikinyesha, hesabu nne. Ogopa zaidi mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu. Mafuta yaliyodondoka na vumbi la miezi mingi huchanganyika na maji machache, na lami inateleza kama sabuni. Mvua ikiisha kunyesha sana, uchafu ule huoshwa na barabara huwa nafuu kidogo. Tena, ukivuka maji na breki zako zikalowa, hazishiki vizuri mpaka zikauke. Zibonyeze kidogo kidogo huku ukienda polepole, ili zipate joto.

Kwenye barabara ya vumbi hesabu haifai kitu kama huoni. Gari likitimua vumbi mbele yako, rudi nyuma mpaka uone njia. Wako wanaoingia ndani ya vumbi kwa nguvu ili walipite gari. Hawajui kilicho upande wa pili wa vumbi hilo.

Utasema: "Nikiacha nafasi kubwa, gari jingine litaniingilia mbele." Litaingia kweli. Basi rudi nyuma tena, uache nafasi mpya. Umepoteza nini? Umepoteza sekunde mbili au tatu. Yakikuingilia magari 10 kutoka Kintinku hadi Manyoni mjini, umepoteza nusu dakika. Dereva wa bodaboda hupoteza zaidi ya hapo akitafuta chenji.

NYUMA YA LORI

Kwenye barabara kuu inayopita wilayani kwetu hupita malori makubwa. Mengine yametoka bandari ya Dar es Salaam yanakwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Yanapopanda mlima hutambaa, na yanapoteremka hulemewa na uzito wake.

Ukilifuata lori kwa karibu, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Wewe huoni mbele, na dereva wa lori hakuoni wewe. Anavyo vioo viwili vya pembeni tu, na nyuma ya tela pana mahali ambapo vioo hivyo havifiki. Kanuni yake ni rahisi: kama wewe huvioni vioo vyake, yeye hakuoni kabisa. Anaweza hata kurudi nyuma kidogo mlimani akikulalia.

Tena lori lina magurudumu huku na huku, nalo hupita juu ya shimo au jiwe bila kuligusa. Kitu hicho hutokea chini ya tela lake hatua chache mbele ya gurudumu lako. Kwa hiyo usikae katikati ya mgongo wa lori. Rudi nyuma, ufuate mstari wa magurudumu yake ya kulia au ya kushoto, mahali unapoweza kuona mbele na kupata upenyo wa kutokea. Katikati ya njia ndiko pia mafuta ya injini hudondoka.

Kuhusu breki yenyewe, nasema machache, kwa maana hilo ni somo la kufanya kwa mikono. Madereva wengi wa vijijini huogopa breki ya mbele, hutumia ya mguu tu. Huo ni urithi mbaya. Pikipiki inaposimama, uzito mwingi huja mbele, na gurudumu la mbele ndilo lenye nguvu ya kusimamisha. Kwenye lami kavu tumia zote mbili. Ya mbele ikamue taratibu kama unavyokamua maziwa, usiikwapue. Kwenye changarawe au tope igusie tu.

NAFASI HIYO NI YA WATU WAWILI

Mpaka sasa tumezungumza habari ya kugonga. Sasa tuzungumze habari ya kugongwa. Watu husema kwamba anayegongwa nyuma hana kosa wala hana la kufanya. Habari ya kosa tuwaachie askari na mahakama. Lakini la kufanya analo.

Tuseme pikipiki yako iko katikati. Mbele kuna pikapu. Nyuma kuna basi, nalo limekukaribia sana. Utafanya nini? Vijana wengi huongeza mwendo ili walikimbie basi. Basi nalo huongeza. Sasa mnakwenda kasi zaidi, basi liko pale pale, na pikapu ya mbele imekuwa karibu zaidi. Umebanwa pande zote mbili.

Fanya kinyume chake. Ongeza nafasi ya mbele. Kwa nini? Kwa sababu ukiwa na nafasi ndogo mbele, siku pikapu itakapofunga breki, wewe utalazimika kufunga breki kwa nguvu zako zote, na dereva wa basi hataweza kukukwepa. Lakini ukiwa na nafasi kubwa mbele, utapunguza mwendo taratibu. Dereva wa basi ataiona taa yako, naye atapata muda wa kupunguza mwendo. Nafasi uliyoiacha mbele yako umempa na aliye nyuma yako. Yeye hakuacha nafasi yake, basi wewe umeacha ya watu wawili. Ni kazi ya kuudhi, nakubali. Lakini katika kundi hilo la watatu ni wewe usiye na bodi la chuma la kukukinga.

Na kama basi linaendelea kukusukuma, washa indiketa ya kushoto, tafuta mahali penye ukingo mzuri, ulipishe. Haigharimu kitu.

Ili ujue kilicho nyuma yako, sharti uwe na vioo. Hapa nitasema ukweli. Vijana wengi wa bodaboda hung'oa vioo vyao siku ile ile wanaponunua pikipiki. Wanasema vinazuia kupenya. Wengine wanasema si fasheni. Pikipiki ilitoka kiwandani na vioo viwili kwa sababu binadamu hana macho kisogoni. Virudishe. Kabla ya kufunga breki kwa ajili ya watoto wa shule wanaotaka kuvuka, tupa jicho kiooni. Ni kufumba na kufumbua tu.

TAA NYEKUNDU

Pikipiki ina lugha moja ya kuzungumza na aliye nyuma, nayo ni ile taa nyekundu. Ikiwa imekufa, wewe ni bubu.

Ziko swichi mbili za taa ya breki. Moja iko kwenye breki ya mkono, nyingine kwenye breki ya mguu. Yaweza kutokea moja ikawasha taa na nyingine isiiwashe. Kwa hiyo jaribu zote mbili, moja moja. Ukiwa peke yako, simama jioni karibu na ukuta mweupe, geuzia nyuma ya pikipiki ukutani, ufunge breki ya mkono, kisha ya mguu. Ukuta utakuwa mwekundu kila mara. Usipokuwa mwekundu, mwone fundi kabla ya safari. Balbu ni kitu cha bei ndogo.

Liko jambo jingine ambalo madereva wazoefu hawalifikirii. Ukipunguza mwendo kwa kushusha gia na kuachia mafuta, bila kugusa breki, taa nyekundu haiwaki. Pikipiki imepungua mwendo, lakini aliye nyuma hajaambiwa. Gusa breki kidogo, mara mbili au tatu, taa imwambie.

Na mzigo je? Tazama barabarani wakati wa mavuno. Gunia la alizeti limelazwa nyuma ya kiti. Au magunia ya mkaa. Au tita la majani ya ng'ombe linalofika chini. Au godoro. Taa ya nyuma iko humo ndani, inawaka vizuri kabisa, inaangaza gunia. Dereva wa lori anayekuja nyuma saa moja jioni, jua likiwa limezama, haoni pikipiki. Anaona kitu cheusi, akikiona.

Panga mzigo uwe juu ya taa, usiifunike. Kama haiwezekani, gawa mzigo, uende safari mbili. Najua utasema mafuta ni ghali. Piga hesabu ya petroli ya safari ya pili, kisha weka pembeni yake gharama ya mguu uliovunjika: hospitali, nauli za ndugu wanaokuuguza, na miezi ambayo shamba halilimwi. Vile vile bandika nyuma ya mzigo kibao chenye karatasi ya kung'aa, ile inayorudisha mwanga wa taa za magari. Vaa na kizibao chenye mistari ya namna hiyo. Kitambaa cheupe ni bora kuliko hakuna, lakini hakimulikiki kwa mbali kama ile karatasi.

UNAPOSIMAMA

Pikipiki hugongwa pia ikiwa imesimama, kwenye reli wakati treni inapita, au kwenye kivuko cha watoto, au kwenye kizuizi cha askari.

Unaposimama nyuma ya gari, usijibandike kwenye bampa lake. Acha nafasi ya kutosha pikipiki nyingine moja kuingia. Simama upande mmoja, usisimame katikati kabisa. Kaa kwenye gia namba moja, klachi umeishika, na macho kiooni. Gusagusa breki ili taa imeremete. Ukiona gari linakuja nyuma na halipunguzi mwendo, unayo njia: achia klachi, utoke pembeni. Aliyezima pikipiki, akatoa gia na kuanza kusoma ujumbe kwenye simu, hana njia hiyo. Likisimama gari moja nyuma yako, kisha la pili, unaweza kupumzika.

USIKU, NA GARI LILILOHARIBIKA

Ajali mbaya za kugonga kwa nyuma hutokea pia usiku, na wakati mwingine gari linalogongwa halikuwa likitembea. Lori limeharibika. Halina taa. Limesimama barabarani, rangi yake imefifia kwa vumbi.

Sheria inamtaka dereva aweke pembetatu nyekundu zinazong'aa. Wako wasio nazo, nao hukata matawi ya miti na kuyapanga barabarani nyuma ya gari. Ukiona majani mabichi juu ya lami, usidhani yameangushwa na upepo. Ni barua, na maana yake ni kwamba mbele kuna gari limesimama. Punguza mwendo hapo hapo, wala usingoje kuliona. Na wewe uliyetengeneza gari lako ukaondoka, yaondoe matawi na mawe yako. Mawe yaliyosahauliwa barabarani yanaweza kumwangusha mwingine usiku huo huo.

Je, taa yako inaangaza hatua ngapi? Pima. Usiku, mahali pa salama pasipo na magari, washa taa ya chini, mwambie mwenzako aliyevaa nguo nyeusi atembee kwenda mbele huku akihesabu hatua. Usipomwona tena, mwite asimame. Tuseme amefika hatua 30. Sasa kumbuka hesabu yetu: kwa kilomita 40 unahitaji mita 21, na kwa kilomita 80 unahitaji mita 62. Mwenye taa ya hatua 30 akienda kilomita 80 anakwenda kipofu. Ataliona lori, lakini atakuwa ameshafika.

WEWE ABIRIA

Mama anayekwenda kliniki na mtoto mgongoni hashiki usukani. Lakini analo neno. Dereva mara nyingi ni kijana wa kijijini, umri wa mwanawe. Anaweza kumwambia: "Mwanangu, turudi nyuma kidogo. Hilo gari liko karibu." Nimewasikia wakina mama wakisema hivyo, na nimewasikia vijana wakijibu, "Sawa mama," na wakafanya. Yule anayesema, "Kimbiza, nimechelewa," naye husikilizwa.

Kabla hujapanda, zunguka nyuma ya pikipiki. Mwambie afunge breki. Taa ikiwaka, panda. Isipowaka, mwite mwingine. Vioo vikiwa havipo, muulize atajuaje linalokuja nyuma yenu. Vaa kofia ngumu na uifunge kidevuni, maana isiyofungwa huruka kabla ya kichwa hakijafika chini. Anayegonga gari kwa mwendo wa kilomita 40 hupata kishindo sawa na mtu aliyeanguka kutoka mita 6 juu ya mwembe.

Na usikubali kuwa wa tatu. Mtindo huo wa kubebana wengi kwenye pikipiki moja tunauita mishikaki, na jina lenyewe linatisha. Watu watatu juu ya breki zilizotengenezwa kwa wawili husimama mbali, na yule wa mwisho hukaa juu kabisa ya taa nyekundu.

KAZI YA DARASA

Fanyeni kazi hii nje, kabla jua halijazama.

1. Pandeni kijiti cha kwanza. Mtu mmoja ahesabu hatua ndefu 5 na kupanda kijiti cha pili. Kisha ahesabu hatua 21 kutoka kijiti cha kwanza, apande cha tatu. Kisha hatua 62, apande cha nne. Simameni kwenye kijiti cha kwanza mtazame vyote.

2. Pikipiki inakwenda kilomita 60 kwa saa. Je, inapita mita ngapi kwa sekunde moja? Andika hesabu yako yote.

3. Hesabuni pikipiki zote zilizoletwa darasani leo. Ngapi zina vioo viwili? Ngapi taa ya breki inawaka kwa mkono na kwa mguu? Andikeni majibu ubaoni. Wenye taa zilizokufa waseme watamwona fundi siku gani.

4. Yule aliyesema gari la mbele nalo husogea linapofunga breki alisema kweli. Je, unaweza kumweleza jirani yako asiyesoma darasani kwa nini bado anahitaji sekunde mbili?